Baada ya Kombe

Jumatano, 5 Februari

Nimefunga ghala mapema tena. Nimenawa mikono mara mbili, udongo wa viazi haukubali kutoka kwenye kucha. Shati la kola, viatu vya Jumapili, klabuni. Kila Jumatano hivyo hivyo.

Tulishinda kwenye briji. Mkataba wangu ulikuwa tatu bila turufu, yaani mapigo tisa. Daktari wa meno, anayecheza na mkewe dhidi yetu, akaanza na kopa. Mimi nina esi ya kopa na mbili ndogo, na kwenye karata za mwenzangu zilizolazwa mezani kuna mbili ndogo tu. Zamani ningeirukia hiyo esi. Leo nilishikilia. Nikawaachia kopa ya kwanza, nikawaachia ya pili, esi nikaitoa ya tatu, mke wa daktari akiwa ameishiwa. Baadaye mke akachukua pigo kwa kingi ya uru, na hana kopa ya kumrudishia mumewe. Daktari akabaki na kopa zake mbili nzuri mkononi na hakuna njia ya kuzitoa. Usoni alikuwa mwekundu, na yeye si mtu wa kuwa mwekundu.

Madam Nyaboke ni mkurugenzi wetu kazini na mwenzangu mezani. Aligonga meza kwa kidole mara moja. Kwake hiyo ni sherehe.

Ndani ya gari akaniambia siku hizi nacheza kama marehemu mume wake. Nikasema asante Madam. Nilitaka kufungua mlango nishuke pale pale kwenye taa.

Alhamisi, 6 Februari

Wekesa, msaidizi wangu ghalani, ananiuliza huo mchezo ni wa aina gani, mpaka mkurugenzi anamtoa msimamizi wa ghala kazini mchana kweupe. Nikamweleza tukiwa tumeketi kwenye kreti. Briji ni watu wanne, wawili kwa wawili, mwenzako anakaa ng'ambo ya meza mnatazamana. Kila mtu karata kumi na tatu. Kila mzunguko wa karata nne ni pigo, mwenye kubwa anachukua. Lakini kwanza kuna mnada. Unataja upande wenu utachukua mapigo mangapi, na turufu, rangi inayokata nyingine zote, itakuwa ipi. Sita za kwanza hazitajwi, kwa hivyo ukisema nne umeahidi kumi. Anayetaja juu kabisa anafungwa na neno lake.

Halafu mwenzake anaweka karata zake zote mezani, wazi, ananyamaza mpaka mwisho. Huyo anaitwa dami. Haongei. Hakunji uso. Anatoa tu karata anayoambiwa.

Wekesa akacheka sana. Akasema, "Bosi, basi wewe ni dami hata huku ghalani."

Nilimtuma akapange kreti za nyuma. Hazikuhitaji kupangwa.

Jumatano, 12 Februari

Leo kosa la mnada. Madam alifungua moja bila turufu. Hapo anasema karata zake kubwa zina pointi kumi na tano hadi kumi na saba. Mimi nina nane. Zikiwa kumi na saba kwake tunafika tatu, mkataba wenye zawadi, zikiwa kumi na tano ni bahati. Nikasema mbili. Akapasi, yaani akaishia hapo. Tukachukua mapigo tisa kwenye mkataba wa nane, zawadi ya kufika ikatupita.

Nikamwambia nilidhani angepanda. Akanitazama juu ya miwani. "Mbili ni mwaliko, Langat. Nikiwa na kumi na tano nina haki ya kupasi. Ukitaka lazima tufike, ruka hadi tatu mwenyewe."

Njiani kurudi nikajikaza. Nikasema, naskia Mzee Rono wa dipo yetu ya viazi huko Keringet anastaafu mwisho wa Machi. Nilisema vile mtu anasema naona mawingu. Tukapita soko. Akasema Rono amefanya kazi nzuri. Halafu akasema mambo ya Keringet tutazungumza baada ya kombe la briji.

Baada ya kombe. Mwaka jana ilikuwa baada ya kombe. Tukawa wa pili, ikawa baada ya mashindano ya Krismasi. Kisha baada ya mkutano wa wakurugenzi. Ombi langu la kuhamishiwa Keringet, nyumbani, liko mezani kwake, afisa wa wafanyakazi ameniambia hivyo mpaka ameona haya kuniambia.

Nilikuwa dereva wake wa jioni kwa wiki chache tu, wakati dereva wake halisi aliumwa mgongo. Mume alikuwa amefariki, na watu watatu hawachezi briji. Akaniambia kaa hapa. Nikakaa. Laiti ningekuwa mjinga wa hesabu.

Jumapili, 16 Februari

Nilifika Keringet jana adhuhuri, nimerudi leo jioni. Baridi ya kule inakata, lakini ndiyo baridi yangu.

Chepkorir, mke wangu, ameshapanga shamba la viazi mwenyewe. Ameita jembe la ng'ombe, ameongea na majirani, ameamua wapi vitakuwa viazi vya Shangi na wapi mahindi. Sikuulizwa. Ningeulizwaje? Nilizunguka shamba mikono nyuma kama afisa wa kilimo.

Mtoto wetu Cherono ana miaka mitano sasa. Mama yake alimwambia aniletee chai. Akaenda kabatini, akavuta kiti, akapanda, akatoa kikombe cha maua kilicho na kisahani. Cha wageni. Akaniletea kwa mikono miwili, akanisalimia kwa kunipa mkono, akarudi nyuma ya sketi ya mamake.

Chepkorir aliona. Mimi niliona.

Leo mchana alinisindikiza hadi barabarani. Akasema Baba Cherono, sitakugombeza. Mvua ikianza na wewe bado uko Nakuru, shamba nalikodisha na Cherono naenda naye kwa dada yangu Kericho. Nimechoka kuwa mjane wa mtu aliye hai. Akatengeneza kola yangu, akarudi.

Nimekaa chumbani kwangu mtaa wa Free Area, Nakuru. Nimekasirika na sijui nimkasirikie nani.

Jumatano, 19 Februari

Nilicheza vizuri. Sitaki kuandika.

Ijumaa, 21 Februari

Nimemwambia Wekesa yote. Sikuwa nimepanga. Tulikuwa tunachagua mbegu za viazi, zile zilizooza tunatupa, nzima zimeanza kuchipua huko gizani, machipukizi meupe marefu yanatafuta mlango. Hizi zikikaa hapa mwezi mwingine hazifai tena.

Wekesa hakucheka leo. Alisema kitu rahisi. Akasema, "Si ucheze vibaya? Hakuna mtu anang'ang'ania ng'ombe asiyetoa maziwa."

Sikuwa nimewahi kufikiria hivyo. Kweli. Sijawahi.

Jumatano, 26 Februari

Nilienda nimeamua. Nitaharibu.

Madam akafungua moja ya kopa. Mimi nina kopa nne na pointi kumi na mbili. Hata mtoto anajua jibu ni nne. Nikasema sita. Mapigo kumi na mawili, bila kuuliza esi, bila kuuliza chochote. Mke wa daktari aliweka chini glasi yake.

Nikalaza karata zangu, nikawa dami. Tulikuwa hatuna esi ya pau, hilo ni pigo moja limeenda. Na kingi ya turufu haiko. Madam akaangalia meza muda mrefu. Akaniambia nitoe kwini ya kopa. Yaani anampitia aliye kushotoni kwangu, anaomba kingi iwe kwa huyo aweze kuinasa. Nikatoa. Nilikuwa nikiomba iwe upande mwingine.

Ilikuwa pale pale. Kila mara alipoitafuta, ilikuwa pale pale. Kumi na mbili kamili. Hakuna meza nyingine iliyofika huko, tulipata alama za juu kabisa, watu wakasimama kuja kuangalia.

Madam alinishika bega. Hajawahi kunishika bega. Akasema, "Sasa umepata moyo."

Mungu wangu.

Jumatano, 5 Machi

Wekesa aliniambia usicheze na bahati, cheza na makosa. Kosea kwa mkono wako mwenyewe. Nikakubali.

Mkataba ukawa wangu, tatu za shupaza. Yote yakategemea kwini ya uru. Inaweza kuwa kwa daktari, inaweza kuwa kwa mkewe. Ukiikisia vibaya umeanguka. Kazi yangu ilikuwa kukisia vibaya tu. Kazi rahisi kuliko zote nimewahi kupewa.

Lakini kichwa kilikuwa kimeshahesabu. Sikukituma. Daktari alikuwa ameonyesha pau tano, kopa nne na shupaza tatu. Hizo ni kumi na mbili. Imebaki karata moja tu ya uru mkononi mwake. Basi kwini iko kwa mke. Niliiona kama niko nyuma ya mgongo wake. Na mkono ukaenda wenyewe: kingi kwanza, halafu ndogo kuelekea kwenye esi na jeki, mke akatoa ndogo, nikaweka jeki. Ikasimama.

Ile raha. Hiyo ndiyo nataka kuandika, kwa sababu siwezi kumwambia mtu. Kwa dakika nzima sikumkumbuka Chepkorir wala Cherono wala kikombe. Nilikuwa na raha mpaka vidole vinawasha.

Halafu nikaona Madam anagonga meza kwa kidole. Nikaficha mikono chini ya meza.

Si Madam peke yake amenifunga.

Jumapili, 9 Machi

Chepkorir alipiga simu. Hakuongea sana. Kuna mvua ilipita huko kwetu Kuresoi juzi, ya kupima tu, si yenyewe. Mzee Rono ameanza kumwonyesha kijana wa ofisi ya Molo funguo za dipo. Kijana mzuri, alisema, ana adabu. Alisema hivyo bila ubaya na ndiyo iliniuma.

Akampa Cherono simu. Nikamwuliza habari ya shule. Akajibu, "Nzuri, shikamoo." Akarudisha simu.

Jumatano, 12 Machi

Jumamosi ni fainali ya kombe. Leo Madam hakutupeleka klabuni, alitaka tufanye mazoezi ofisini kwake, karata zikiwa juu ya meza yake kubwa. Faili yangu iko pale. Kona ya kushoto, chini ya kile kijiwe cha kuzuia karatasi. Jina langu linasomeka kutoka kiti changu. Tulicheza saa mbili nzima ikiwa katikati yetu kama mtu wa tatu.

Akarudia mambo ya mwanzo kabisa. Kabla ya kuvuta turufu, yaani kulazimisha kila mtu kuzitoa, jiulize dami ana kazi gani nazo. Dami akiwa na karata chache za rangi fulani, zikiisha mwache akate kwanza kwa turufu zake. Ukivuta turufu haraka unamnyang'anya jembe. Wanaoanza wote wanakosea hapo, hata mimi wiki ya kwanza nilikosea hapo.

Halafu akaniambia ametuandikisha Nairobi. Tukishinda Jumamosi tunawakilisha Bonde la Ufa, mashindano ni mwezi wa saba, kutakuwa na mazoezi mara mbili kwa wiki. Amenunua vishikio vipya vya karata. Alikuwa na furaha. Nilimwona jinsi alivyokuwa kabla sijamjua.

Nilitaka kusema. Mdomo ukafunguka. Nikasema vishikio ni vizuri, Madam.

Mwoga. Andika hivyo. Mwoga.

Jumamosi, 15 Machi

Nimefanya.

Nitaandika yote sasa, kabla sijaanza kujidanganya.

Meza ya mwisho, mkono wa mwisho. Madam alikuwa ameshapiga hesabu kwenye kikaratasi chake, aligeuza kidogo nione. Tulikuwa mbele kidogo. Tulihitaji tu kutoanguka.

Nikaokota karata. Esi, kingi, kwini, jeki na tisa ya shupaza. Esi na kingi ya uru. Esi ya pau na mbili ndogo. Kopa tatu za bure. Pointi ishirini na moja. Mtu anaweza kukaa mwaka mzima asipate mkono kama huo. Nikafungua moja ya shupaza, Madam akapanda mbili, nikaruka nne. Mapigo kumi.

Daktari akaanza na uru. Madam akalaza karata zake. Shupaza tatu, esi ya kopa na nyingine za kusindikiza, uru dogo dogo. Na pau moja peke yake.

Nikahesabu. Shupaza tano. Uru mbili. Esi ya pau, esi ya kopa. Tisa. Nahitaji moja zaidi, na iko wazi: toa esi ya pau, halafu pau ndogo, dami anaikata kwa turufu. Kumi. Kwisha. Ni lile somo la Jumatano. Ni lile la wiki ya kwanza. Cherono angeweza.

Nilichukua uru ya kwanza. Nikaangalia shupaza tatu za Madam mezani. Nikawaza mwezi wa saba, mazoezi mara mbili kwa wiki. Nikawaza kikombe cha maua.

Nikavuta turufu. Esi. Dami akatoa moja.

Nikavuta tena. Kingi. Madam hakuinua macho. Mkono wake ulitoa ya pili, polepole.

Hapo bado kulikuwa na nafasi. Imebaki moja mezani, moja inatosha. Nilijua. Yeye alijua. Na yeye ni dami, hana ruhusa hata ya kukohoa. Sheria ni sheria.

Nikaweka kwini. Mkono wake ukasimama juu ya ile shupaza ya mwisho. Hakuigusa. Daktari akamtazama. Ilinibidi niitaje.

"Shupaza, Madam," nikasema.

Akaitoa.

Tisa. Tulianguka kwa moja. Daktari na mkewe walikumbatiana. Mtu mmoja akanipigapiga mgongo akasema ni wasiwasi wa fainali, humpata kila mtu.

Madam alikusanya karata, akazipanga sawa, akazirudisha kwenye vishikio vipya. Akawapongeza. Aliendesha gari mwenyewe kurudi. Mimi nikatembea hadi stendi.

Sina furaha. Nilidhani nitakuwa nayo.

Jumapili, 16 Machi

Sikwenda kanisani. Nilifua. Vumbi kutoka upande wa Menengai likaja likakaa juu ya nguo zote, nikafua tena.

Ningeweza kumdanganya mtu yeyote pale ndani isipokuwa yeye. Ndiye alinifundisha. Ni kama kumwibia mtu aliyekupa ufunguo.

Jumatatu, 17 Machi

Wekesa alikuja mbio ghalani. Madam anakuita juu. Akaongeza kwamba hajaonekana mwenye hasira, na hiyo ni mbaya zaidi.

Nilikuta amepanga karata zote mezani, mikono minne, wazi. Ule mkono wa Jumamosi. Karata hamsini na mbili, amezikumbuka zote, hata zile ndogo kabisa za daktari. Hakuniambia nikae.

Aliniuliza kama nilikosea. Nikasema hapana.

Akaitikia kwa kichwa, kana kwamba amepata jibu la hesabu aliloshuku. Akasema, mtu aliyeisoma kwini ya uru ya mke wa daktari wiki juzi hawezi kusahau pau moja. Akasema alipokuwa ameshika ile shupaza ya tatu alitaka kuitupa nje ya dirisha.

Nikamwambia samahani. Akasema hataki samahani, anataka sababu.

Basi nikasema. Nilisimama nikasema, nataka kwenda nyumbani, Madam. Nataka dipo ya Keringet, na ninaitaka mwezi huu. Mtoto wangu ananipa kikombe cha wageni. Niliona aibu, lakini nikamaliza.

Akavuta ile faili kutoka chini ya kijiwe.

"Hii nimeiangalia kila siku tangu mwaka jana," akasema. "Nilijua. Usifikiri sikujua. Lakini wewe ulikuwa ukinialika tu, na mimi nikawa napasi. Nilipasi kwa makusudi."

Nikamwuliza, na kama ningesema hivi tangu mwanzo, angekubali?

Alifikiri kweli. Hakukimbilia kunifurahisha. Akasema pengine angekataa. Lakini angelazimika kunikatalia usoni, na hakuwa na nguvu ya hilo, kwa hivyo alifurahi sikusema. Akasema nyumba yake ina vyumba vingi sana siku sita za wiki.

Nilikasirika. Bado nimekasirika ninapoandika. Mwaka mzima wa mtoto wangu. Na wakati huo huo nilimhurumia, na sikutaka kumhurumia.

Akatoa kalamu. Halafu akaiweka chini. Akasema kwanza cheza. Nikamwuliza nicheze nini. Akaonyesha meza. Cheza inavyopaswa. Anataka kuiona ikifika.

Nikakaa. Akalaza mkono wake mbele yake, akawa dami. Karata za daktari na mke wake alizisogeza mwenyewe. Uru ya kwanza nikachukua. Esi ya pau. Pau ndogo.

"Kata," nikasema.

Akakata. Alikata kwa ile shupaza ya tatu, ile ile, nilimwona akiichagua. Kisha tukavuta turufu taratibu, moja moja, hakuna aliyekuwa na haraka. Kumi. Aliyahesabu mapigo kwa kidole, akagonga meza mara moja.

Akasaini.

Nilipofika mlangoni akasema, bila kuinua uso, kwamba Jumatano itakuwa ndefu. Nikasema ndiyo, Madam.

Jumatano, 19 Machi

Saa ya kufunga nilinawa mikono mara mbili. Halafu nikakumbuka. Nikakaa kwenye kreti na Wekesa, tukala mahindi ya kuchoma. Akaniambia nifunge domo nisije nikabadilisha mawazo. Nikamwambia sijasema kitu. Akasema ameona vidole vyangu.

Vilikuwa vinapanga karata hewani. Nyekundu, nyeusi, nyekundu, nyeusi.

Jumatano, 2 Aprili

Keringet.

Mvua ilianza Jumatatu, yenyewe sasa. Leo tumepanda sehemu ya juu, mimi, Chepkorir na majirani wawili. Mgongo umekatika. Kijana wa Molo alirudi kwao bila kinyongo, aliniachia funguo na kalenda ya ukutani.

Chepkorir bado ananiangalia kama mzigo ulioletwa na haujafunguliwa. Jana aliniuliza kama nitaondoka Jumapili. Nikasema hapana. Akasema sawa. Leo akauliza tena.

Jioni niliketi jikoni, mvua kwenye mabati, viatu vimekauka kando ya moto. Mamake akamwambia Cherono alete chai. Akavuta kiti, akapanda, akatoa kikombe cha maua na kisahani chake. Akamimina. Akaniletea kwa mikono miwili.

Akasimama hapo. Akaangalia viatu vyangu. Akaangalia koti langu kwenye msumari.

Akauliza, "Kesho utakuwa hapa?"

Nikasema nitakuwa hapa.

"Na ile siku nyingine?"

Nikasema na ile nyingine pia.

Alifikiri. Akakichukua kile kikombe, chai na yote, akaimimina kwenye kikombe cha plastiki cha bluu, kile cha kila siku kilichovunjika mkono. Nyingine ikamwagika sakafuni. Kile cha maua akakisuuza, akakipangusa, akapanda kiti, akakirudisha kabatini.

Chai ilikuwa imepoa. Niliimaliza yote.

Nje bado inanyesha.